Kwa Nini Mzazi Hupishwa Njiani

Mlima ulikuwa huu huu, mifereji ilishuka kama inavyoshuka leo, na mikungu ya ndizi ilikuwa mizito kuliko hii yenu ya siku hizi. Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti: mwanamke aliyejifungua hakuwa na siku hata moja iliyoitwa yake. Mnaniona nikimmenyea ndizi mjukuu wangu aliyejifungua, nikimchagulia kidari cha mtori wa ndizi na nyama, nanyi wanaume mnanong'onezana hapo mlangoni kwamba bibi amezidisha. Kaeni basi, niwaambie jambo hili lilitoka wapi, na chunguni kikibaki kitu mtapewa.

Enzi hizo heshima yote ya nchi ilikuwa ya vijana waliokwenda vitani. Kijana aliporudi, mama yake alimpikia mtori kwa kidari cha ng'ombe kilichokaushwa kwa moshi juu ya meko, akautia samli mpaka ukang'aa. Kiliitwa chungu cha shujaa, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukionja, hata baba mwenye nyumba. Kijana alilazwa karibu na moto, akakaa ndani akila na kulala mpaka nguvu zikamrudia. Siku ya kutoka alipakwa mafuta, akavishwa njuga miguuni, akaenda sokoni na wenzake wakiimba. Mwanamke aliyekutana nao kwenye njia nyembamba kando ya mfereji alishuka majini pamoja na mzigo wake, akasubiri wapite.

Mwanamke naye akijifungua alipewa uji na pole, na kabla kitovu cha mtoto hakijakauka alikuwa ameshashika mundu na kamba. Ng'ombe wetu, mnajua, hawachungwi. Wanakaa ndani, nyasi zinawafuata. Nyasi ziko bondeni, ng'ombe wako juu, na katikati pana mgongo wa mwanamke. Wapo wasemao kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Aliyesema hivyo mara ya kwanza nadhani alikuwa mwanamume, tena mvivu.

Basi alikuwapo mama mmoja, jina lake Ndelilio, mke wa mzee Kiwia. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya korongo. Kifunguamimba wake alikuwa mtoto wa kike. Alimzaa salama, akampenda, na kabla hajapata nguvu akatumwa bondeni kama wenzake. Alipanda na mzigo jua likimchoma, homa ikamshika, maziwa yakakauka. Mtoto alilia, kisha akalia kidogo, kisha hakulia tena. Watu walimwambia ni kazi ya Mungu, naye akanyamaza. Baadaye alimzaa Makiponya, ambaye aliishi na kuwa kijana hodari, lakini yule wa kwanza hakumtoka moyoni. Mimi ni mzao wa mama huyo, na ninajivuna.

Makiponya alimwoa Mkunde, msichana mpole asiyejua kupaza sauti. Mimba ya Mkunde ilipokuwa kubwa, watu wa ng'ambo ya korongo waliuziba mfereji wetu usilete maji, na Mangi, mtawala wetu, akawaita vijana waende kuufungua kwa mikuki. Makiponya akaenda, akamwacha mkewe mikononi mwa mama yake.

Uchungu ulimshika Mkunde asubuhi ya siku ya mvua. Siku ile ikapita, ikaja nyingine, mtoto hajatoka. Mkunga alikuwa mbele, Ndelilio alikuwa nyuma amemkumbatia, na Mkunde mwenyewe alikuwa ameng'ang'ania nguzo ya nyumba kwa mikono yote miwili. Ulifika wakati akasema hawezi tena, wamwache afe. Ndelilio alimwambia sikioni kwamba kila mwanamke hufika mahali hapo, na kwamba akishafika hapo hana safari ndefu tena. Mkunde akasukuma. Damu ilitoka nyingi mpaka mkunga akabadilika uso. Kisha mtoto akaja, wa kike, amekunja ngumi, akalia kwa sauti iliyowashtua mbuzi. Ndelilio alimpokea, akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Wiki hiyo hiyo ng'ombe wa mzee Kiwia naye akazaa. Mzee Kiwia hakuwa mtu mbaya, tumwachie haki yake. Alimtandikia ng'ombe majani makavu ya mgomba, akamlambisha magadi, akamkatakatia vigogo vya mgomba vyenye maji, akawakataza watoto wa jirani wasipige kelele karibu naye. Kisha akachungulia upande wa pili wa nyumba, akauliza kwa upole ni lini Mkunde ataweza kwenda kukata nyasi, maana ng'ombe mwenye ndama asipokula vizuri hapati maziwa. Mkunde, kwa kuwa alilelewa vyema, akainuka, akatwaa mundu na kamba. Alipofika mlangoni kizunguzungu kilimshika, akaanguka.

Ndelilio alimrudisha kitandani, kisha akasimama katikati ya nyumba akitazama huku na huku. Upande mmoja ng'ombe alikuwa amelala na ndama wake, anatafuna. Upande wa pili Mkunde alikuwa amelala midomo imekauka, na mtoto ananyonya hapati kitu. Nyumba ni moja, waliozaa ni wawili, mmoja analetewa na mwingine anatumwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ndelilio alimwona yule mwanawe wa kwanza waziwazi, kana kwamba alizikwa jana, akapandwa na hasira ambayo hakujua kama anayo. Hapo hapo akapanda darini.

Kidari kilichoning'inia kule kwenye moshi kilikuwa cha Makiponya, cha siku atakayorudi. Ndelilio alikishusha, akakikata, akamenya ndizi, akatia samli, akapika chungu cha shujaa. Mzee Kiwia aliposikia harufu alikuja mbio.

"Mama Makiponya," alisema, "hicho ni cha mtoto wako."

"Najua ni cha mtoto wangu," Ndelilio akajibu. "Ndiye huyu ninayempikia."

Akamhamishia Mkunde mahali pa shujaa, karibu na moto, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe kama mtu alishaye kinda. Kisha akauchukua ule mundu, mzee vile alivyo, akashuka bondeni kukata nyasi za ng'ombe. Alifanya hivyo kila siku, wanawake wenzake wakimshangaa na wengine wakimcheka. Polepole damu ikarudi usoni mwa Mkunde. Maziwa yakaja, yakawa mengi hata yakamlowesha nguo, na mtoto akanenepa mpaka mapaja yakafanya mikunjo.

Vijana walirudi na habari kwamba mfereji umefunguliwa, lakini hawakurudi wote. Makiponya alirudi na jeraha begani, akakuta chungu chake kimeliwa na mahali pake pamelaliwa. Aliweka mkuki chini, akampakata mtoto. Wenzake ndio waliolalamika. Walisema kama mwanamke aweza kula chungu cha shujaa akiwa kwake, karibu na moto, basi waliobaki ng'ambo ya korongo wamekufa bure. Sheria ilikuwa inajulikana: mke aliyekula chungu hicho hurudishwa kwa wazazi wake, na mtoto hubaki kwa ukoo wa baba. Mkunde alipoambiwa hivyo alimfunga mtoto kifuani kwa nguo, akakataa kumfungua hata alipokuwa akilala. Mtoto mwenyewe alikuwa bado hajakaza shingo. Kumtenga na ziwa wakati ule ilikuwa sawa na kumchimbia kaburi, na kila mtu alijua.

Mangi akaitisha baraza. Lyatuu, mkuu wa mashujaa, mwenye kovu kutoka sikioni mpaka kidevuni, alieleza shauri lote bila kuongeza chumvi. Alikuwa mtu wa haki, na katika vita ile alikuwa amemzika mdogo wake. Kisha Ndelilio akaitwa. Kwetu mkosaji huja na jani la mmea wa sale mkononi, na akishalitoa jani lile ni vigumu kumnyima msamaha. Watu wote walilitazamia. Ndelilio alikuja mikono mitupu.

"Mangi, sikuja kuomba radhi," alisema. "Nimekuja kuuliza. Vijana wetu walikwenda wengi, wamerudi pungufu, nasi tunawalilia na kuwaheshimu. Mke wa mwanangu alikwenda peke yake. Hakuwa na ngao, wala mwenzake kulia au kushoto. Damu aliyomwaga mimi niliizoa kwa mikono hii. Alikwenda mmoja, wamerudi wawili. Kama chungu kile si chake, niambieni ni cha nani."

Mangi akamgeukia Makiponya, kwa sababu chungu kilikuwa chake, na kama mwenyewe angelalamika Mkunde asingekuwa na wa kumwokoa.

"Mimi niliogopa," Makiponya alisema, na watu wakainamisha vichwa, maana shujaa hatamki neno hilo hadharani. "Niliogopa, ingawa nilikuwa na wenzangu. Nilipofika nyumbani mama alinionyesha nguzo aliyoishikilia mke wangu. Kucha zake zimechimba mti. Chungu ni chake. Mimi nitakula ndizi za kuchoma."

Mangi yule alikuwa mwerevu. Hakutaka kuivunja sheria ya baba zake mbele ya watu wenye mikuki na msiba, wala hakutaka kumtenga mtoto na mama. Alisema Mkunde abaki ndani, ale, apate nguvu, kisha atoke siku ya soko kama shujaa anavyotoka. Mashujaa watakuja kutoka upande wa pili. Wakimpisha, chungu kitakuwa haki yake. Lakini akishuka yeye majini, basi aende moja kwa moja kwa wazazi wake, na mtoto amkabidhi mama mkwe. Mashujaa wakakubali. Walikuwa hawajawahi kumpisha mwanamke, na hawakuona sababu ya kuanza.

Siku ilipofika Ndelilio alimpaka Mkunde samli mwili mzima, akamvika shanga zake mwenyewe, akamfunga miguuni njuga za Makiponya. Alimwambia neno moja tu, kwamba asitazame chini. Wanawake wa vijiji vyote walikuwa wamejipanga migombani juu ya njia, hakuna aliyekwenda sokoni, na nasikia hata Mangi alisahau kunywa pombe yake ya mbege.

Njia ile upande mmoja ina ukingo mrefu, upande mwingine ni mfereji, na katikati ni nafasi ya mtu mmoja. Mkunde alitembea na mtoto kifuani, Ndelilio akimfuata kwa mbali kidogo. Mashujaa wakatokea, Lyatuu mbele. Wakakaribiana mpaka wakasimama uso kwa uso. Mkunde, yule asiyejua kupaza sauti, hakusogea.

Mtoto akageuza kichwa, akamtazama Lyatuu. Lyatuu naye akamtazama, na wale waliokuwa karibu walisema macho yake yalijaa maji.

"Ndiye huyu uliyerudi naye?" aliuliza.

"Ndiye," alisema Mkunde.

Lyatuu akainamisha mkuki, akaingia mferejini. Maji ya mlimani, yenye baridi ya kuuma, yakamfika magotini. Aliyemfuata akashuka, na wa nyuma yake akashuka, mpaka mstari wote ukawa majini na njia ikawa nyeupe. Mkunde akapita. Njuga zililia hatua kwa hatua, na wanawake migombani wakapiga vigelegele hata ndege wakahama mitini.

Alipokwisha kupita, vijana walitaka kutoka majini. Lyatuu akawazuia kwa mkono.

"Ngojeni," alisema. "Yuko mwingine."

Ndelilio alikuwa amesimama nyuma, ameshajiandaa kushuka mferejini kama alivyozoea maisha yake yote. Alipoelewa kwamba wanamngoja yeye, alifunika uso kwa mikono. Yeye naye alikwenda peke yake, siku ile ya zamani, na akarudi na mtoto, na hakuna aliyempisha. Akapita mbele ya mashujaa wote akilia bila kujificha, akilitaja jina la binti yake wa kwanza kwa sauti ile ya kuvuka korongo, ili kila mtu alisikie.

Na kuanzia siku hiyo mpaka leo, mzazi wa kifunguamimba hakati nyasi. Hukaa ndani karibu na moto, hula mtori wa kidari, na siku ya kutoka huenda sokoni amepakwa mafuta, na mwanamume atakayekutana naye, awe nani, hutoka njiani. Nyuma yake hupita kila mwanamke aliyewahi kuzaa, aliye na mtoto wa kushika mkono na ambaye wake hakuishi, nao hungojwa mpaka wa mwisho.

Mjukuu wangu anatoka soko lijalo. Nitakuwa nyuma yake, na mwendo wangu sasa ni wa pole sana. Siku hizi mfereji umejengewa saruji, lakini maji hayajapata joto. Vueni viatu mapema.