Glavu Moja kwa Kila Mmoja

Hapo zamani, lakini si zamani ya kusahaulika hata saa yake, siku ya Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, wanawake wawili walikuwa wakichambua mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali moja ya mlimani. Mmoja aliitwa Nakundwa, naye alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mwenzake aliitwa Yunisi, mwenye miaka kumi na minane katika kazi hiyo na mdomo usiojua kupumzika.

Ukutani palikuwa na maandishi mekundu: Asiye na glavu nene asiguse mzigo.

Siku hiyo glavu nene zilikuwa zimebaki jozi moja, ya Yunisi. Ya Nakundwa ilipasuka Ijumaa, na stoo walisema asubiri. Sheria ilitaka Yunisi achambue peke yake. Lakini mzigo ulikuwa mkubwa, na Nakundwa hakuweza kukaa akimtazama mtu mzima akihangaika.

"Basi tugawane," Yunisi akasema. "Mimi natumia mkono wa kushoto, wewe wa kulia. Chukua ya kulia, nibaki na ya kushoto. Mkono wako mtupu uweke nyuma, kama unamwamkia askofu."

Wakacheka. Wakaona wamegawana vizuri kabisa.

Kisha shuka moja lililolowa likamteleza Nakundwa. Mkono wa nyuma ukaja mbele bila kuitwa. Sindano ikamwingia chini ya kidole gumba.

Nakundwa akataka kuikamua damu. Yunisi akamshika mkono. "Usikamue." Nakundwa akataka kuutia mkono kwenye ndoo ya jiki. "Wala usitie jiki. Maji na sabuni tu, njoo." Akamsimamisha chini ya bomba, akatazama saa, akamwambia asiondoke. Yeye akachukua koleo, akaitoa ile sindano kwenye shuka bila kuigusa, akaitumbukiza ndani ya kisanduku cha sindano zilizotumika.

"Ngoja nimalizie mzigo kwanza," Nakundwa akasema.

"Mzigo unaubeba tumboni. Twende."

Saa nne kasoro dakika tatu walikuwa mbele ya daktari. Daktari akatoa vidonge vya kumkinga na virusi vya UKIMWI, vya siku ishirini na nane. Akasema kila dakika ina maana, aanze hapohapo. Nakundwa akavitazama, akaurudisha mkono wake.

"Nina mtoto tumboni, daktari. Nimeze dawa kali mwezi mzima kwa sindano ambayo pengine haina kitu?"

Daktari akamweleza kuwa dawa hizo wajawazito wanazimeza. Nakundwa akasikia kwa masikio, si kwa moyo. Vidonge vikabaki mezani. Na dakika zilikuwa zinakwenda.

Mzigo ule ulikuwa na mashuka ya vitanda vitatu vya wodi ya wazazi. Ili ijulikane sindano ilitoka kwa mgonjwa gani, matroni akaenda huko, akawauliza wakunga: "Sindano iliyokuwa kwenye shuka ni ya nani?"

Mmoja akatazama viatu vyake. Mwingine akaanza kupanga mafaili yaliyokwisha kupangwa. Dakika zilikuwa zinakwenda.

"Ni yangu," akasema Sista Apolonia, ambaye hakuna aliyemwona akiiacha. "Kitanda namba nne. Mama alipoanza kumwaga damu sikuwa na mkono wa tatu. Niliichomeka kwenye godoro, nikasema nitaichukua. Sikuichukua."

"Unajua kitakachofuata, Sista?"

"Najua. Tuulizane baadaye. Dobi anasubiri."

Kwenye kitanda namba nne alilala Zeituni, na mtoto wake mchanga. Alfajiri aliletwa mbiombio na mama mkwe wake, akasema kadi ya kliniki ameisahau nyumbani. Kadi haikusahauliwa. Ilikuwa chini ya nguo za mtoto, ndani ya beseni.

Matroni akamwomba mama mkwe atoke kidogo.

"Nitoke niende wapi? Huyu ni mkwe wangu. Ana nini cha kunificha?" Akajikalia vizuri zaidi, na chupa yake ya uji mapajani.

Zeituni akauliza, "Aliyechomwa ni nani?"

"Dobi wetu. Anaogopa kumeza dawa. Ni mjamzito."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika kumi na nane. Zeituni akaitazama, akamtazama mama mkwe wake, kisha akasema kwa sauti ya kawaida: "Mwambieni ameze. Mimi ninavyo hivyo virusi, na dawa natumia mwaka wa tatu. Mimba yote hii nimezimeza. Mleteni amwone mtoto."

Mama mkwe akasimama. Akafunga kifuniko cha chupa, akaondoka na uji wake.

Nakundwa akaletwa. Akamwona mtoto wa Zeituni akinyonya, miguu ikipiga teke hewani. Saa nne na dakika ishirini na tisa akameza kidonge cha kwanza.

Akameza siku ishirini na nane. Akapimwa wiki ya sita, hana virusi. Akapimwa mwezi wa tatu, hana. Wakati huo Sista Apolonia alikuwa ameshapewa barua ya onyo na kuhamishiwa chumba cha vidonda. Zeituni alikuwa amerudi kwa mama yake, na mumewe alikuwa akija kumwona Jumapili kwa Jumapili. Na Yunisi alikuwa amepigana na stoo mpaka jozi tatu mpya zikaning'inia msumarini.

Mwezi Julai, siku ya Alhamisi alasiri, Nakundwa akajifungua mtoto wa kike. Jioni ile wote watatu wakaja kumwona.

Kwa desturi ya kwao, jina lilikuwa la mama mkwe wa Nakundwa. Lakini bibi huyo akasema: "Mimi nina wajukuu wawili wenye jina langu, wananitosha. Huyu mpe aliyemfikisha salama. Ila liwe jina moja. Mtoto haitwi majina matatu kama barua ya serikali."

Yunisi akamchukua mtoto. "Somo wangu huyu. Mimi nilikutoa pale, Nakundwa. Ningekuacha, ungejitia jiki na kumaliza mzigo."

"Wewe si ndiye uliyegawa glavu?" Sista Apolonia akamwuliza.

"Nilimpa nusu ya kinga yangu. Wewe ulimpa sindano."

"Kweli, nilimpa sindano," Sista akasema. "Mkono uliokuwa umebaki ulikuwa ukiizuia damu ya Zeituni. Lakini ningenyamaza, nani angejua? Nilisema, na wodi niliyoipenda nikaipoteza."

Zeituni akacheka kidogo, mtoto wake mgongoni amelala. "Mlisema yenu, mimi nikasema yangu. Ningeitoa kadi alfajiri, pengine sindano ile ingeogopwa. Sikuitoa. Lakini hicho kidonge, Nakundwa, ulikimeza kwa neno la nani? Na tangu siku ile, nyumbani kwa mume wangu nimerudi lini?"

Mtoto akapiga chafya, wakapata cha kuchekea.

Kesho yake asubuhi, saa mbili na nusu, karani akaja na fomu ya kuandikisha mtoto. Mstari wa jina ulikuwa mmoja. Nakundwa akaomba kalamu. Akaushika ubao wa karani kwa mkono wa kushoto, kidole gumba juu ya karatasi, akaandika jina moja, akarudisha.

Nanyi mnaosikiliza, mmewasikia wote: aliyegawa glavu akamtoa, aliyeacha sindano akakiri, aliyeficha kadi akafunguka. Je, mtoto yule anaitwa nani?