Aliyerudisha Vitabu Vyote

Ndugu zangu, leo twende maktaba. Najua wengine hamjaikanyaga tangu mmalize shule. Msijali, hatutakaa sana.

Kulikuwa na mkutubi mmoja katika mji mdogo. Yeye na wenzake waliitwa kwenye semina ya siku mbili, wafundishwe namna ya kumsaidia msomaji aliyeelemewa moyoni. Semina zetu mnazijua: chai, maandazi, cheti. Mkutubi akapata cheti chake, akakiweka kwenye droo.

Palikuwa na mzee mmoja, msomaji wa siku nyingi, aliyefiwa na mkewe. Kwa kuchelewesha vitabu hakuwa na mpinzani. Akiulizwa, "Kesho, binti yangu," na kesho yake haifiki. Asubuhi moja akaja na vitabu vyote vinne. Kimoja kilichochanika jalada amekigundisha vizuri. Juu yake akaweka kadi ya maktaba.

"Jina langu nalo mlifute, binti yangu. Nisiwasumbue tena."

Mkutubi alifurahi kweli kweli. "Baba, leo umetuheshimisha! Laiti wasomaji wote wangekuwa kama wewe!"

Niambieni, nani kati yetu asingefurahi? Mzee akatabasamu, akatoka. Mkutubi akaanza kugonga mihuri. Kitabu cha nne kikafunguka katikati, palipowekwa kipande cha gazeti kuwa alama. Mzee hakukimaliza! Hapo akakumbuka maneno ya mwalimu wa semina: mtu akianza ghafla kurudisha vya watu na kugawa vyake, kama anayeaga, usimpongeze. Muulize.

Akaacha foleni nzima, akatoka mbio, akamkuta mzee getini anafungua mnyororo wa baiskeli.

"Baba, hiki hujakimaliza."

"Panatosha hapo nilipofika."

Akamuuliza bila kuzunguka, kama alivyofundishwa: "Baba, unafikiria kujiua?"

Mzee akaishika baiskeli kwa mikono miwili, akalia. "Tangu nimzike mke wangu, watu wananiambia nijikaze. Hakuna aliyeniuliza."

Hakumhubiria, ndugu zangu. Alikaa naye kwenye ngazi, akamsikiliza, kisha wakaongozana mpaka hospitali. Na kitabu mzee akaondoka nacho.

Mnasema amina? Ngojeni kwanza.

Wiki tatu zilizopita, mama mmoja wa kwaya yetu aliniletea joho lake ofisini, limefuliwa, limepigwa pasi. Nikamwambia, "Mungu akubariki, mama, kwa uaminifu wako." Nikalitundika nyuma ya mlango. Juzi nikiandaa mfano huu, nikainua macho, nikaliona. Niliogopa, ndugu zangu. Nikaenda kwake saa ile ile.

Yupo, Mungu ashukuriwe, na hayuko peke yake. Ameniruhusu niwaambie. Basi sisi tunaopenda kurudishiwa vitu vyetu vikiwa safi, tujifunze: anayerudisha kabla hajadaiwa, tumtazame usoni kwanza. Joho litasubiri.

Lakini mama yule ameniagiza pia niwaletee swali lake: "Mchungaji, miaka kumi na moja nimeimba hapo. Jumapili tatu zote hizi, hakuna aliyeona kiti changu kiko wazi?"

Leo baada ya ibada namrudishia joho lake. Nani ananisindikiza?