Bustani Nyuma ya Joka

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana simu zilishazidi sufuria majumbani, Bi Mwanaheri wa Tabora alikuwa na chumba cha gemu kinachotazama barabara. Sheria yake ilikuwa moja: ukifa mchezoni, mpe mwenzako pedi ya kuchezea. Kubembelezana hakukuwepo. Wanaume wenye ndevu walitolewa nje wakiapa kwamba kitufe kiliganda.

Kisha mashine ya gemu ikaungua, chumba kikafungwa, Bi Mwanaheri akabaki na kiu yake. Katika gemu aliyoipenda kuliko zote, joka lililinda lango la mwisho, na hakuna mtu, yeye mwenyewe akiwemo, aliyewahi kuona kilicho nyuma yake.

Sasa macho yalikuwa yanafifia, na daktari alishamwambia hayatarudi. Akawaita wajukuu zake watatu. Atakayenionyesha nyuma ya lile lango kabla sijapofuka, akasema, chumba ni chake.

Shomvi akaleta simu. Akanakili gemu kutoka kwenye kaseti ya bibi, akaweka programu inayoifanya simu ijidai ndiyo ile mashine iliyoungua, akaiunganisha na televisheni. Muziki ulipolia, bibi alisimama, akakaa, kisha akamfokea Shomvi kwa kuchelewa miaka yote hiyo.

Kapera akashika pedi. Huyu Mungu alimpa vidole. Kazi nyingine zote zilimshinda. Akaruka, akapiga, akalifikia joka. Akafa.

Zamda, aliyekaa karibu na simu, akagusa kioo. Kapera akawa hai tena, palepale mbele ya joka. Kumbe Zamda alikuwa ameuhifadhi mchezo kabla ya pigano, bila kuambiwa na mtu. Kapera akafa tena, Zamda akagusa tena. Wakaendelea hivyo mpaka chai ikapoa.

Na Bi Mwanaheri, yule mkali wa sheria? Ajabu, kila Kapera alipokufa kanga ya bibi ililegea, ikambidi ainame kuifunga.

Joka likaanguka. Lango likafunguka. Nyuma yake palikuwa na bustani, na kijitu kimoja kikipunga mkono. Bibi akasogea hadi pua ikakaribia kugusa televisheni, naye akakipungia.

Halafu ugomvi ukaanza.

"Bila simu yangu mngepigana na joka gani?" Shomvi akauliza.

"Simu haijaua kitu. Vidole hivi ndivyo vilivyoua."

"Vidole vya marehemu," Zamda akasema. "Nani alikuwa anakufufua, kaka?"

Bibi akautoa ufunguo wa chumba, akaufumbata mkononi. Kwa sheria ya chumba hiki, akasema, Kapera alikufa mara ya kwanza kabisa. Hakuna aliyepita.

"Sawa, bibi," Zamda akajibu taratibu. "Lakini bustani umeiona. Na hiyo kanga, mbona sasa hivi haifunguki?"

Bi Mwanaheri akaitazama kanga yake. Ilikuwa imekazwa barabara.

Haya, ninyi mnaocheka. Mwenye simu, mwenye vidole, mwenye kufufua, au bibi aliyeinama asione ili apate kuona: je, ufunguo ule nani aliustahili?