Nje au Ndani?

Hapo zamani za kale, na msiniulize lini maana hata mimi sikuwepo, wanyama walikuwa na nyumba, vigoda na ugomvi kama sisi. Wewe huko nyuma, acha kuchokonoa pua, sikiliza!

Mtemi wao alikuwa Ndovu. Neno alilolisema akiwa amesimama mbele ya baraza lilikuwa sheria. Alilolisema akiwa amekaa lilikuwa maongezi tu. Na Ndovu, jamani, alipenda kukaa!

Siku moja akaja barazani Bi Pongo, mke wa Kiboko. Jicho limevimba, anachechemea.

"Mtemi, mume wangu ananipiga. Nisaidie."

"Pole, mwanangu. Kakupigia wapi?"

"Mgongoni na jichoni."

"Siulizi hayo! Nje au ndani?"

"Ndani."

"Aaa!" Ndovu akajinyoosha kwenye kigoda. "Hayo ni mambo ya ndani. Baraza linaishia kwenye kizingiti. Rudi, mpikie vizuri, uvumilie."

Twiga na Nyati, washauri wake, wakaitikia: "Uvumilie, uvumilie."

Pongo akatoka analia. Njiani akakutana na jirani yake, Nguchiro. Kadogo hako, lakini meno yake usiyaombe.

"Wamenirudisha tena," Pongo akasema. "Jirani, naogopa. Safari hii ataniua."

"Hakuui mtu. Ingia kwangu, kunywa uji, jifungie mlango. Mimi nafika kwa Mtemi mara moja."

"Unaenda kumwomba?"

"Kumwomba? Naenda kumng'ata!"

Ndovu alikuwa kwake, ameinamia sinia la maboga. Nguchiro akapenya dirishani, chapu! Akalenga pale pale panapokaliwa. Kacha!

"Yalaa! Nakufa! Baraza, njooni!"

Twiga na Nyati wakaja mbio, wakafunga breki kwenye kizingiti.

"Mtemi, umeng'atwa nje au ndani?"

"Ndani, wapumbavu nyie! Ingieni!"

"Aaa," Twiga akasema. "Ya ndani hayo. Mpikie vizuri."

"Nimpikie nani? Nguchiro?"

"Uvumilie," Nyati akamwambia kwa upole kabisa.

Kacha! Upande wa pili. Ndovu akatoka mbio na fremu ya mlango kiunoni, moja kwa moja hadi barazani, wanyama wote wanamtazama. Akakaa. "Uwiii!" Akasimama. Akajaribu kukaa upande. "Uwiii!" Akasimama tena.

Nguchiro akaja nyuma yake, anajifuta mdomo.

"Rudi nyumbani, Mtemi. Au kama huwezi kuvumilia, hama, uniachie nyumba."

"Nihame mimi?" Ndovu akafoka hadi masikio yakapepea. "Mimi niliyeumizwa nikalale porini, na aliyeniumiza abaki anakula maboga yangu? Haiwezekani! Aliyeumiza ndiye atoke! Na baraza liingie limtoe, hata akiwa ndani ya chungu!"



"Samahani, Mtemi," Nguchiro akauliza, "hayo umeyasema umekaa au umesimama?"

Ndovu akaitazama miguu yake, ya mbele na ya nyuma.

"Nimesimama," akasema kinyonge.

"Basi ni sheria. Mimi kwako nimeshatoka. Sasa twendeni kwa Kiboko!"

Wakamkuta Kiboko mlangoni, kajaza mlango wote. "Haya ni mambo ya nda..."

Hakumaliza. Twiga alishaingiza shingo dirishani, na Nyati akapita na ukuta, gubu! Wakamsukuma mpaka mtoni, chubwi! Ndiyo maana hadi leo anakaa majini, anachungulia kwa macho tu kama baraza limeondoka.

Makalio ya Ndovu yalichelewa kupona, na muda wote huo kila alilosema likawa sheria, hata "nipeni chumvi." Lakini siku moja alimwona Pongo akipita bado anachechemea, akaona haya, akasema: "Anayekimbia kipigo asiulizwe kapigiwa wapi. Apewe uji kwanza." Na hiyo nayo ikawa sheria.

Nyati aliuziba ule ukuta kwa udongo, huku akiomba radhi. Pongo akaingia kwake, akajifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe, akalala usingizi mzito. Hakuna aliyemwamsha kwa kofi.

Yangu yameishia hapo, nanyi mkumbuke hili: sheria inayoishia mlangoni humlinda anayepiga.