Hodi ya Sultani

Hapo zamani, jambo la mwisho la kawaida kutokea kabla nchi haijaingia vitani na kobe lilikuwa hili: Vuai alimwagilia mchicha wa marehemu mkewe, Mize, akasahau kufunga mlango wa ua. Kobe akatoka. Mize alikuja naye kutoka kwao bara siku ya harusi, na mjini mle hamkuwa na kobe mwingine.

Basi Waziri akamwona njiani, akakimbia mbio hadi kwa Sultani.

“Seyyid yangu, tumevamiwa! Kuna mpelelezi amevaa deraya ya chuma, na nani huvaa deraya wakati wa amani? Mgongoni kachora ramani ya ngome yetu. Tena anakwenda polepole, kama anayehesabu mizinga!”

“Si mnyama huyo?”

“Ni mtu, Seyyid! Mtu wa adui, kajigeuza!”

Ikapigwa ngoma ya vita. Wauza samaki wakaapa kuifia nchi, na mmoja wao akazimia kwa uzalendo. Jeshi zima likafika uani kwa Vuai, Sultani mbele juu ya farasi. Vuai alikuwa amekwisha kumrudisha kobe, na kobe, kwa kishindo cha ngoma, alikuwa amekwisha kuingiza kichwa.

“Mtoeni ndani,” akaamuru Sultani, “akatwe kichwa!”

Vuai akamtazama kobe. Tangu Mize azikwe, ndani ya nyumba ile walibaki wao wawili tu waliopata kulishwa kwa mkono wa marehemu. Mjini walimhesabu Vuai kuwa mpungufu wa akili, kwa kuwa alizungumza na kobe huyo.

“Amri nimeisikia, Seyyid,” akasema. “Lakini siku ya kutawazwa uliapa kwamba askari wako hatamtoa mtu nyumbani mwake pasipo kupiga hodi na kuitikiwa. Na huyu, Waziri amethibitisha, ni mtu. Nyumba yake ndiyo hiyo.”

“Mpumbavu we! Ile deraya!” akafoka Waziri.

“Kama ni deraya, bwana mkubwa, mwamrishe avue.”

Watu wote wakamtazama Sultani. Basi Sultani akashuka, akainama hadi kilemba kikagusa mchicha.

“Hodi!”

Kimya.

“Hodi!”

Kimya.

“Hodi, mwenye nyumba!”

Kimya.

“Seyyid,” Vuai akasema kwa adabu, “hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni hurudi kwake.”

Sultani akainuka, akakung'uta majani, akacheka hata farasi akashtuka. “Haya, turudini. Waziri, wewe baki na upanga wako. Akisema karibu, nijulishe.”

Asubuhi yake Waziri alikuwa angali kasimama mlangoni. Vuai akampa uji, naye akaupokea bila kuinua macho. Kisha Vuai akachuma mchicha, akachutama, akagonga gamba kwa ukucha kama alivyokuwa akigonga Mize.

“Hodi,” akasema, akangoja.