Cheni ya Tatu

Wapendwa, ketini vizuri niwaletee bwana mmoja na baiskeli yake kuukuu, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Kwenye tambarare ilikwenda bila shida. Ikianza kupanda mlima, cheni inaruka, pedeli zinazunguka bure, na goti la mwenyewe linagonga usukani. Akabadilisha cheni, ikaruka. Fundi akamwambia shida ni meno ya gurudumu la nyuma, yamelika, hata cheni mpya haipati pa kushika. Bwana yule akanuna. Meno ya baba yake yana kosa gani? Akaenda kununua cheni nyingine.

Sasa, siku moja alikuwa na jambo zito. Mkewe alikuwa amerudi kwao, amechoka kulaumiwa. Mchuzi ukiungua ni yeye, ng'ombe akipunguza maziwa ni yeye. Wakwe wakasema mama mtu aje mwenyewe aone, ndipo waamue kama binti atarudi. Na bwana yule anampenda mkewe, msimcheke. Akasugua baiskeli ikang'aa, akafunga mto kwenye keria, akaenda stendi kumpokea mama mkwe.

Adabu yetu mnaijua. Mama mkwe atamshika mkwewe kiunoni? Hawezi. Akashika keria kwa mkono mmoja, mkono wa pili kashika kuku wa zawadi. Kufika mlimani, cheni ikaruka, mama akayumba, kuku akapiga kelele. Bwana akasema ni barabara. Ikaruka tena, akasema cheni za siku hizi zinatengenezwa ovyo. Mara ikawamwaga wote mtaroni, kuku akashika njia yake. Bwana akajipangusa vumbi, na kwa heshima zote akamwambia mama mkwe kwamba labda uzito nao umechangia.

Jamani, unamwambia nani hayo?

Mama hakufoka. Akajifunga kanga upya, akachutama, akaitazama baiskeli.

"Cheni hii ni ya ngapi, mkwe wangu?"

"Ya tatu, mama."

"Na meno haya?"

"Hayo ni yale yale ya siku zote. Hayana shida."

Mama akasimama. "Na binti yangu, kwako ni mke wa ngapi?"

Bwana yule akatazama chini. Wawili wa kwanza walishaondoka, na kila mmoja wao bwana alisema ni mbovu. Akaona aibu, aibu ya kweli, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni wa tatu.

"Basi ukishabadilisha meno," mama akasema, "kwetu unakujua." Akageuka kurudi stendi kwa miguu.

Mnacheka. Sisi je? Tunamhama jirani mbaya, na mtaa mpya nao una jirani mbaya. Tunaacha kazi kwa sababu ya bosi, na bosi mwingine naye ana roho ile ile. Kote huko, ni nani aliyekuwepo kila mara? Tunamwomba Mungu atubadilishie watu. Kumwomba atubadilishe sisi hatutaki, maana huko kunauma.

Nasikia wazee wa kanisa hili wanajiandaa kwenda kwa askofu, kusema mchungaji huyu hafai. Sawa. Aliyenitangulia mlisema ni mkali. Aliyemtangulia yeye mlisema ni mpole mno. Hebu nihesabieni, mimi ni wa ngapi?

Msinijibu. Tusimame tuombe.