Chini ya Gari la Nzau

Kitu kilichoanguka uvunguni mwa kitanda hakimjii mtu kwa kuitwa wala kwa kununiwa. Anayekitaka hupiga magoti, akakunja mgongo na kuingiza mkono gizani, hata kama amevaa nguo za kanisani. Ndiyo maana wahenga wakanena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Syokimau alifunzwa methali hii tangu utotoni, lakini maana yake hasa alikuja kuijua akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, chali juu ya gunia, katika baridi ya Julai.

Syokimau alikuwa karani mkuu wa masjala katika ofisi moja ya serikali katikati ya jiji la Nairobi. Alikuwa mwanamke nadhifu, asiyetoka nyumbani mpaka sketi yake ipigwe pasi ikanyooka kama rula. Aliishi na bintiye wa pekee, Lornah, mwenye umri wa miaka tisa, katika ghorofa moja pembezoni mwa Kangemi. Mumewe, Nzau, alifariki mwezi wa Novemba. Jioni yake ya mwisho alirudi mvua ikinyesha, akaegesha gari uani, akavuta breki ya mkono kwa nguvu kama ilivyokuwa desturi yake, kisha akapanda ngazi akilalamika kwamba kichwa kinamuuma. Hakushuka tena kwa miguu yake.

Tangu siku hiyo gari halikuguswa. Syokimau alikuwa na leseni ya kuendesha, ila kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameketi upande wa abiria. Alipopita karibu na gari lile, aligeuza uso. Mkono wa mwisho kuivuta breki ile ulikuwa wa Nzau, na kuishusha aliona kama kumzika mara ya pili.

Julai ilipoingia, manyunyu na ukungu vilitanda mjini kutwa kucha. Lornah alikuwa na pumu. Zamani babake alimpeleka shuleni Lavington ndani ya gari lenye joto. Sasa alitembea na mamake alfajiri hadi barabara ya Waiyaki, kifua kikimlia kama filimbi iliyopasuka. Katika mwezi huo mmoja alikimbizwa hospitalini mara mbili. Mara ya pili daktari alisema wazi kwamba mtoto huyo asiachwe kupigwa na baridi ya asubuhi.

Wiki hiyo hiyo Musembi, nduguye Nzau, alipiga simu kutoka Machakos. Alizungumza kwa upole. Alisema gari linaozea uani, halimfai shemejiye wala mtu mwingine, na kwamba Jumamosi angekuja na pikapu alivute alipeleke nyumbani. Syokimau hakukataa. Alipokata simu ndipo alipoutafuta ufunguo.

Alhamisi jioni, jirani yake Clifford alimsaidia kuchaji betri. Injini iliitika, lakini Syokimau alipokanyaga mafuta, gari lilichuchumaa nyuma kama punda aliyegoma. Clifford na wanaume wengine wawili walisukuma mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Hakuna kilichosogea. Palitoka tu harufu ya kuungua. Clifford alijipangusa mikono, akatangaza kwamba giaboksi imekufa. Wote wakamshauri amwachie shemejiye.

Ijumaa Syokimau aliomba ruhusa kazini, akamwendea Namalwa, fundi wa kike wa magari aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Namalwa alifika taratibu, akalizunguka gari, akasikiliza kisa chote, kisha akatikisa kichwa.

"Giaboksi haina neno," alisema. "Ni magurudumu ya nyuma yameshikwa. Breki ilivutwa ikiwa na maji, gari likakaa miezi minane, kutu ikaunganisha vyuma. Na hii baridi nayo imekaza waya wa breki."

"Basi lifungue, fundi."

Namalwa alishika tumbo lake lililofura chini ya ovaroli. "Mama Lornah, mimba hii ni ya miezi minane pia. Chini ya gari siingii. Msaidizi wangu ameenda matangani Bungoma, anarudi Jumanne. Ukitaka iwe leo, mimi nitakuwa macho na wewe utakuwa mikono."

Syokimau aliinua uso. Kwenye roshani majirani walikuwa wameegemea vyuma, wakitazama. Watu hao walikuwa wamezoea kumwita madamu. Alifikiria kungoja Jumanne, lakini Jumamosi ilikuwa kesho. Dirishani kwao alimsikia Lornah, ambaye siku hiyo hakwenda shuleni, akikohoa. Alipanda ngazi, na aliposhuka alikuwa amevaa suruali kuukuu ya Nzau, ameikunja miguuni.

Waliweka mawe kwenye magurudumu ya mbele. Kisha Namalwa akamwambia ashushe breki ya mkono, ambayo hata Alhamisi hakuwa ameigusa. Syokimau alikishika kile kichuma, akakishusha. Kilianguka kwa ulegevu, lakini magurudumu hayakuachia. Walilipandisha gari kwa jeki, wakaliegemeza juu ya vigogo imara, wakavua magurudumu ya nyuma. Namalwa hakumruhusu kuinama kabla ya kulitikisa gari mara kadhaa na kuhakikisha halichezi.

Ndipo karani mkuu alipolala chali juu ya gunia na kujisukuma chini. Vumbi la kutu lilimwingia machoni. Namalwa alimwelekeza mahali waya ulipoingilia, naye akaumiminia mafuta na kuuvuta huku na huku, vidole vikichubuka, hadi ukaanza kuteleza. Baadaye alipewa nyundo agonge dramu za breki, vile vifuniko vya chuma vya mviringo vilivyobaki magurudumu yalipovuliwa.

"Gonga ukizunguka," Namalwa alimwambia. "Usipige pahali pamoja. Hiyo si adui yako."

Ya kwanza iliachia kabla ya adhuhuri. Ya pili ilikataa katakata. Syokimau aligonga mpaka mkono ukafa ganzi, kisha akaingia tena chini ya gari, kana kwamba anautazama waya, akalia. Alimlilia Nzau jinsi ambavyo hakuwa amemlilia hata kaburini, alikokuwa akipokea wageni na kushukuru kila mtu. Namalwa alimsikia. Alijishusha polepole juu ya kigoda, akangoja. Kilio kilipokwisha, alimpa nyundo.

Pigo la nne, kitu kikalia ndani, na dramu ikazunguka.

Walisugua vyuma vilivyoliwa na kutu, wakapaka grisi palipostahili, Namalwa akakagua mafuta ya breki na matairi. Mwishowe akamtaka Syokimau aendeshe uani, asimame, aendeshe tena, asimame, mara ishirini, mpaka fundi aridhike.

Musembi alifika Jumamosi asubuhi na kamba begani. Alimkuta shemejiye ameketi nyuma ya usukani, injini ikinguruma, kucha zake bado nyeusi. Clifford alimsimulia yote. Musembi aliiteremsha kamba, akaitazama mikono ile kwa muda mrefu.

"Ndugu yangu hangekubali uingie chini ya gari," alisema kwa huzuni.

"Angekuwapo nisingeingia," Syokimau akajibu. "Hayupo, shemeji."

Musembi aliinamisha kichwa. Kisha alizunguka upande wa pili, akafungua mlango, akaketi mahali pa abiria na kumwomba ampeleke kidogo. Walikwenda hadi Spring Valley na kurudi, polepole.

Jumatatu Lornah alifika shuleni akiwa mkavu, kifua kimetulia. Usiku wa baridi na mvua Syokimau haivuti tena breki ya mkono. Huliacha gari kwenye gia na kutia mawe magurudumuni, kama alivyofunzwa. Na kule masjalani, makarani wachanga wakimlalamikia kwamba jambo fulani limeshindikana, huwauliza kwanza kama wamekubali kuchafuka; maana wanaume watatu walisukuma wakiwa wima na gari halikutikisika, na mtaka cha mvunguni, awe nani, sharti ainame.